Jiko Nambari Kumi na Saba

Ziwani, Nairobi
14 Aprili 2024

Waya Perez,

Nilikuwa naanza na "niaje" nikakumbuka wewe ni dada ya marehemu baba na kiboko yako bado inakaa nyuma ya mlango. Kwa hivyo hujambo, Waya. Mimi niko mzima. Nimenenepa kidogo, uso tu, labda ni kuvimba. Naandika Kiswahili kwa sababu Dholuo ya kuandika ulinifundisha wewe mwenyewe mpaka ukachoka. Na simu ni kazi bure. Mara ya mwisho nilikupigia nikapiga nduru mpaka mtaa wote ukadhani nafukuza mwizi, na wewe ukaendelea tu kuuliza, "Nani huyo?"

Mvua imetunyoosha. Kwangu maji haikuingia kwa mlango, iliingia kwa ukuta. Sasa ukuta umejichora ramani ya Afrika. Nangojea Madagaska.

Jirani yangu Lenah, yule Mkamba wa githeri, anakusalimia. Anasema ulipokuja matangani uliacha githeri kwa sahani na hajasahau.

Uliuliza nafanya kazi gani siku hizi. Weekendi nauza soksi Eastleigh, First Avenue, pea mbili kwa bei ya moja na nusu, usiniulize hesabu. Katikati ya wiki bado niko na hawa watu wa majiko. Kampuni inagawa jiko ya kisasa inayokula makaa kidogo na kutoa moshi kidogo. Kila jiko ina kibati cha nambari. Mimi nilipewa nyumba arobaini hapa Ziwani. Kila miezi sita nazunguka na fomu, nauliza: "Mama, unatumia?" Akisema ndiyo, naweka tiki. Hiyo tiki inaenda ofisini inageuka kuwa tani ya moshi ambayo haikutoka, na hiyo tani inanunuliwa na kampuni moja ya biskuti huko ng'ambo. Wameahidi dunia kwamba ikifika 2030 moshi yao itakuwa sifuri. Hiyo ndiyo inaitwa tageti. Waya, usicheke. Yaani wao wanaendelea kuvuta sigara, na Lenah ndiye ameacha.

Kuna kitu kidogo. Tulipoleta vitu vya Winny na basi, ndani ya gunia ya sufuria kulikuwa na jiko ndogo nyekundu. Iko? Nauliza tu. Haina haraka.

Swali lako la kanisa nimeliona. Kalamu inaisha wino.

Mtoto wa kaka yako, yule mtanashati,
Sylvance Ooko


Yala
6 Mei 2024

Mwanangu Ooko,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sisi tupo. Ng'ombe mwekundu aliteleza kisimani akaumia mguu, sasa anatembea kama mjomba wako Jumamosi. Mahindi yameota vizuri upande wa juu. Upande wa chini maji yalikaa. Popo wamerudi kwenye dari la kanisa. Nafagia Jumatano, nafagia Jumamosi, na Jumapili asubuhi nakuta wamenitangulia.

Nimefurahi una kazi. Mambo ya biskuti sijayaelewa, lakini moshi naujua.

Tangu tumzike Winny mwaka jana Februari hujakanyaga hapa. Sisemi ni vibaya. Nasema hujakanyaga. Mke wako nyasi yake naikata mimi, na mvua hii inaotesha haraka.

Kuna jambo. Katekista Obura anaweka kitabu cha marehemu. Siku ya Marehemu Wote, tarehe mbili Novemba, majina husomwa mbele ya altare. Katika kigango chetu jina huletwa na mwenye mtu: mume, mke, mtoto. Analiandika kwenye karatasi kwa mkono wake. Mimi shangazi sikubaliwi, nilijaribu. Mwaka jana nilikaa kwenye benchi nikalingoja jina la Winny. Wamesoma mpaka mzee wa Alego aliyekufa kabla sijazaliwa. La Winny halikuwepo kwa sababu hukulileta.

Ni mstari mmoja tu, mwanangu. Niandikie.

Vitu vyake viko chumba cha nyuma. Havijanyeshewa.

Unaenda kanisani? Usinipe habari za wino. Nakutumia kalamu.

Shangazi yako,
Perez


Ziwani
2 Juni 2024

Waya,

Kalamu imefika. Ni nzuri sana, inaandika hata uongo bila kukwama. Pole kwa ng'ombe. Mwambie asikunywe kisimani kama hana nidhamu. Huku mvua imeisha. Madagaska ilitokea upande wa mlango, nimeitundikia kalenda.

Waya, ile jiko sasa ina haraka.

Supavaiza wangu ni msichana anaitwa Wacuka. Amesoma mpaka miwani imemchoka, lakini hana dharau. Wiki jana alituita ofisini akasema kuna mgeni anatoka kwa watu wa biskuti, anakuja Septemba. Anataka kuona na macho yake kama majiko yanapika kweli, ndiyo wapeleke ripoti yao ya tageti. Kompyuta imechagua nyumba mia tatu Nairobi nzima. Kwangu imechagua kumi. Wacuka akazisoma: nne, tisa, kumi na moja, kumi na saba. Hizo zingine sikusikia.

Kumi na saba ni ya Winny.

Wacha nikuambie vizuri kwa sababu wewe huwezi kunikatiza. Nilipopata kazi, Oktoba 2022, jiko ya kumi na saba nilimwandikisha yeye kwa sababu alizaliwa tarehe kumi na saba. Si unajua alikuwa anauza chapati hapo kwa lango ya estate, na hiyo makaa ilikuwa imemmaliza kifua. Aliitumia miezi minne. Halafu Februari. Nikafunga vitu vyake vyote kwa gunia, vikaja huko na yeye. Jiko ikaingia pia. Sikuwaza kwamba ni ya kampuni. Sikuwaza kitu.

Aprili fomu ikarudi. Nyumba 17, Winny Akech. Kuna viboksi vitatu: Anatumia. Hatumii. Amehama. Nilisimama kwa mlango wangu mwenyewe, Waya, na kalamu, kama mtu amekuja kujitembelea. Nikaweka tiki kwa "Anatumia" nikaenda nyumba ya kumi na nane. Oktoba pia. Aprili hii pia. Hakuna mtu alinilipa zaidi. Ilikuwa tu rahisi kuliko hizo zingine mbili.

Kwa hivyo kwa kampuni Winny bado anapika. Alikuwa kilo hamsini na mbili. Saa hii ana tani tatu kwa mwaka.

Nitumie hiyo jiko na basi. Mpe dereva, mimi nitaingoja stage. Nitaiweka hapa, nichemshe maji, mgeni apige picha aende. Nikikosa hivyo wananifuta kazi, na soksi, wewe mwenyewe unajua watu wana miguu miwili tu.

Ile karatasi ya Obura nitaona.

Sylvance


Yala
21 Julai 2024

Mwanangu Ooko,

Barua yako ilikaa kwa dereva zaidi ya mwezi. Mabasi yalikuwa yanakuja kwa kuruka siku kwa sababu ya vurugu za huko Nairobi. Watu wakiongea habari hizo nawaangalia midomo na nyuso, na nyuso hazikuwa nzuri. Niandikie kama uko salama kabla ya kuniandikia jambo lingine.

Ng'ombe amepona. Tumevuna maharagwe debe tatu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Uliandika kwamba Winny bado anapika. Nakuuliza kama mtu mzima: anampikia nani?

Sina mengi ya kukufundisha. Darasa la saba, na masista. Nimefagia kanisa hili miaka thelathini na moja. Hakuna siku mtu aliniambia, "Perez, leo kanisa ni safi." Huniambia likiwa chafu. Mwanzo iliniuma, baadaye nikaacha kungoja. Na tangu masikio yafungwe, miaka mitano sasa, padri akija kusoma Misa sisikii neno. Nakaa. Wengine wakisimama nasimama. Wakipiga magoti napiga. Nikirudi nyumbani hakuna nilichobeba ninachoweza kukuonyesha. Jumapili inayofuata naenda.

Hujajibu kama unaenda.

Tuma karatasi.

Perez


Ziwani
18 Agosti 2024

Waya,

Niko salama. Moshi ya maandamano ya Juni niliikohoa lakini hakuna mtu alinigusa. Hiyo nayo sijui nani ataitolea tani.

Nimeenda stage mara nne. Dereva wa kwanza alisema hana mzigo. Wa pili akasema hana mzigo. Wa tatu akaniuliza kama nangojea jiko ama bibi. Wa nne nilimwona tu kwa sura nikarudi.

Hujaandika neno hata moja juu ya jiko. Maharagwe umeandika.

Sawa. Nimejipanga. Lenah ako na jiko kama hiyo, nambari ishirini na mbili. Siku ya mgeni ataileta kwangu, tupake kibati unga ya ngano nambari isionekane, tuseme ni chapati imemwagika. Halafu yeye akae hapo kwa stuli awe Winny. Saa moja tu. Nimemfundisha. Nikamuuliza, "Jina?" Akasema, "Lenah Mut—ngoja." Nikamwambia hapana mama, tuanze tena. Akaniuliza, "Na nikiulizwa mume wangu ni nani?" Nikasema ni mimi. Akacheka mpaka akaketi chini. Anasema hata kwa maigizo amepata hasara.

Nilicheka pia. Hivi ndivyo niko, Waya, kama unataka kujua. Watu wakicheka nacheka. Nauza soksi, nasema utani, watu wananunua, wananiita Mchekeshaji. Nikifika kwa nyumba nakaa kwa kitanda na viatu. Si huzuni. Huzuni naijua, nilikuwa nayo wiki ya kwanza. Hii ni kama mguu imeshikwa na ganzi, na hiyo mguu ni mimi mzima.

Kanisa nimeenda. Makadara, mara mbili. Nilikaa nyuma kama mtu anangoja nambari yake iitwe kwa ofisi ya serikali. Haikuitwa. Nikaenda zangu kabla ya sadaka.

Sasa usiulize tena.

S. Ooko


Yala
1 Septemba 2024

Ooko,

Usimkalishe mtu mwingine kwenye stuli ya Winny.

Perez


Ziwani
22 Septemba 2024

Waya mpendwa,

Hiyo barua yako ya mstari mmoja ilifika Jumatatu tarehe kumi na sita. Mgeni alikuja Alhamisi, tarehe kumi na mbili. Kwa hivyo usijilaumu, laumu dereva. Salamu kwa ng'ombe. Mimi ni mzima. Lenah ni mzima. Kazi si mzima, nitafika hapo.

Siku yenyewe tuliamka tukapanga kila kitu. Nilifagia, nikaficha kitanda na pazia. Lenah akaleta jiko yake ikiwa tayari imewaka, na sufuria ya githeri juu, anasema hawezi kupoteza moto bure. Tukapaka unga kwa kibati. Akauliza, "Na nguo? Muuza chapati si anakuwa na aproni?" Kuna aproni moja ya Winny, ya bluu, ilibaki hapa. Haikuingia kwa gunia kwa sababu siku hiyo ilikuwa kwa kamba ya nguo, na kwa kamba sikuangalia. Nikampa. Akajifunga. Kamba ilimfikia kidogo tu kwa nyuma, kwa sababu Lenah amejazia. Nikaangalia, na Waya, hata hapo sikusikia kitu. Nikamwambia, "Vuta tumbo."

Saa tano wakaingia. Mgeni ni mama mrefu, pua imeungua na jua, ana daftari. Kiswahili hana, Wacuka ndiye anatafsiri. Akaangalia ukuta na ramani yangu ya maji, akatabasamu. Nikamfungulia pazia akaketi kwa kitanda. Hakuna kiti ingine.

Wacuka akauliza, "Mama, unaitwa nani?"

Lenah akasema, "Winny Akech." Vizuri kabisa. Hata mimi ningeamini.

"Hii jiko uko nayo tangu lini?"

"Tangu Oktoba, mwaka ule."

"Unatumia kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

Mgeni anaandika. Naona tiki inaenda. Nikaanza kupumua. Wacuka akauliza ya mwisho, ilikuwa ya kirafiki tu, haiko hata kwa fomu: "Na unapenda kupika nini na hiyo jiko?"

Lenah akafunua sufuria na furaha yote. "Githeri!"

Na mimi nikasema, "Hapana. Chapati."

Wakanigeukia. Lenah akanikazia macho. Wacuka akasema, "Sylvance, si uwache mama ajibu?"

Nikasema, "Winny hapiki githeri. Hajawahi. Mahindi inamkwama kwa jino. Anapika chapati. Anaweka maji ya vuguvugu, anakanda mara mbili, anafunika na karatasi."

"Sawa," Wacuka akasema pole pole, "lakini si huyu hapa mwenyewe amesema..."

"Huyu si Winny. Huyu ni Lenah wa hapo nyumba ya ishirini na mbili. Winny alikufa."

Waya, mwaka moja na miezi saba na nilikuwa sijasema hilo neno. Nilisema "alienda." Nilisema "mambo ya Winny." Kwa mochari walinipa fomu ya kujaza, nikampa mjomba ajaze. Na sasa nimelisema kwa sababu ya githeri.

Sufuria ndiyo ilikuwa inaongea. Lenah akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaniwekea kwa mkono. Akainama akatoa githeri yake kwa moto.

Mgeni akauliza nimesema nini. Wacuka akavua miwani. Halafu akamwambia, na kwa Kizungu ilikuwa fupi sana. Yule mama akaweka kalamu chini. Akasema pole, hilo neno la Kiswahili alikuwa nalo. Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akahesabu na vidole, Aprili, Oktoba, Aprili, nikaona ameelewa zile tiki tatu. Hakuzisema. Aliuliza jiko yenyewe iko wapi. Nikasema iko kwa shangazi yangu, haongei juu yake. Akauliza kama anaweza kupiga picha mahali ilikuwa inakaa. Nikamwonyesha. Kuna duara nyeusi kwa sakafu, saizi ya sahani. Akapiga picha ya simiti. Wakaenda nyumba ingine.

Kwa lango Wacuka alirudi nyuma akaniambia, "Wewe msee, si ungeweka tu 'Amehama'? Nani angeuliza?"

Nikamwambia hakuhama.

Halafu akasema nimuachie ile fulana ya kijani ya kampuni na kitambulisho Jumatatu. Nikaikunja nikapeleka. Nyumba zangu arobaini amepewa msichana mwingine, Jacky, ana mwandiko mzuri. Sikulia. Nilinunua mandazi mbili nikala moja.

Sasa sikia hii, ndiyo utani wa mwaka. Juzi nilikutana na Wacuka hapo Jogoo Road. Nikamuuliza ripoti ilitokaje, kwa sababu nilikuwa nimelala nikiona nimeangusha tageti ya watu, biskuti zimeharibika ng'ambo kwa ajili yangu. Akasema kabla ya mgeni majiko yanayotumika yalikuwa asilimia tisini na mbili. Nikauliza, na baada ya Winny? Akasema tisini na mbili. Kilichosonga kiko nyuma ya nukta, na hawachapishi ya nyuma ya nukta. Tageti iko sawa. 2030 iko sawa.

Nilidhani kumtoa kutaacha shimo kubwa. Hata hawakuhitaji kufuta na kuandika upya.

Leo nimeenda Makadara. Nimekaa nyuma. Sijasikia kitu, na masikio yangu ni mazima. Lakini nimekaa mpaka wakazima maspika.

Sylvance


Yala
13 Oktoba 2024

Mwanangu Ooko,

Pole kwa kazi. Nimemshukuru Mungu kwa ajili ya huyo Lenah. Mwambie githeri ile niliiacha kwa sababu ya meno, si kwa dharau. Huku mvua ya vuli imeanza. Ng'ombe ana mimba, kumbe mguu ule haukumzuia mambo yake.

Barua yako ilifika Jumamosi nikiwa natoka kufagia. Niliketi kwenye ngazi za kanisa nikaisoma hapo. Halafu nikahesabu nyuma mpaka ile Alhamisi, saa tano. Saa tano nilikuwa nakata nyasi ya Winny. Hakuna aliyeniambia chochote, hakuna ndege aliyelia, nilikata nikamaliza nikanywa uji. Nakuambia ili ujue na mimi sikusikia kitu.

Sasa jiko. Uliliuliza mara tatu na mara tatu nikaangalia kando. Liko chumba cha nyuma, juu ya sanduku lake la bati, nimelifunika kwa leso yake ya manjano. Nilipofungua gunia, mwaka ule, ndani kulikuwa na kipande cha makaa ambacho hakijaisha. Nimekiacha humo humo. Sijaliwasha hata siku moja. Mimi napikia mawe yangu matatu, na siwezi kukaa mbele ya moto wa mke wa mtu kama si yeye aliyenikaribisha.

Basi hupita hapa kila siku saa mbili asubuhi. Dereva ni mtoto wa jirani. Ningelituma siku ile ile uliyoomba. Nililibeba mara moja mpaka barabarani, nakuambia ukweli, nikalirudisha. Ningelituma, wewe ungekuja huku kufuata nini?

Basi nimejibu. Nimebaki kukuomba lile moja. Obura anafunga kitabu tarehe thelathini na moja jioni, lakini kwa anayekuja na karatasi mkononi asubuhi ya tarehe mbili, hupokea. Nimemuuliza. Aliandika jibu kwenye kiganja changu, kwa sababu siku hizi simwelewi tena: ameota ndevu kama za Musa, midomo haionekani. Hata jina la Winny likisomwa, sitajua limesomwa lini. Nitakaa tu.

Niandikie, mwanangu, hata kama ni mstari mmoja.

Shangazi yako,
Perez


Ziwani
27 Oktoba 2024

Waya,

Hujambo. Niko mzima. Uso umepungua, kumbe ilikuwa kuvimba kweli. Soksi zinaenda, baridi ya mvua imesaidia. Lenah amekutumia githeri kavu ya kupika huko, mahindi amechagua laini, anasema sasa huna kisingizio.

Karatasi nimeiandika. Sikuwa na karatasi nyingine, ni nyuma ya fomu ya kampuni, moja ilibaki kwa begi. Nilianza kuandika "Winny Akech" nikaona hilo ni jina la fomu. Nikatafuta cheti cha ubatizo. Ni Winfrida. Winfrida Akech, mke wa Ooko. Nimeongeza "aliuza chapati lango la Ziwani." Obura akisema majina tu, mwambie hiyo pia ni jina. Vile viboksi vitatu viko upande wa pili. Sijaweka tiki popote.

Lakini siitumi. Ulisema mwenye mtu analeta kwa mkono wake. Nimekata tiketi ya Ijumaa, tarehe moja, nafika saa kumi hivi. Chai nipikie kwa mawe yako matatu. Ile nyekundu usiiguse, makaa yake nitaiwasha mimi. Na unga ya ngano nabeba. Sijui kukanda, lakini nilimwangalia miaka tisa.

Sijui kama nitasikia kitu hiyo Jumamosi. Nisikudanganye, kalamu ni yako. Labda nitakaa pale kama gunia. Lakini nimefikiria hii maneno ya ndevu za Obura. Mimi masikio ninayo. Nitakaa kwa benchi, upande wako wa kulia, na hawa watu wa Alego wakisomwa wote nitangoja. Likifika jina lake nitakushika mkono. Ujue ni sasa.

Ooko